Kwa nini C haiongezwi mwishoni

Msomaji mmoja wa Katuba, Lubumbashi, ambaye yuko mwaka wa pili katika masomo ya uhandisi wa madini, ameniandikia hivi:

«Mwalimu, ninakusalimu. Darasani tumefundishwa kutatua milinganyo tofautishi ya daraja la kwanza kwa ile njia ya kubadilisha konstanti. Kaka yangu aliyesoma Dar es Salaam amenipa daftari lake, na humo anatumia kitu kingine ambacho anakizidisha pande zote mbili za mlinganyo. Nilijaribu njia yake katika xy′ + 2y = 12x⁴, kwa sharti kwamba y ni 5 wakati x ni 1, nikapata y = 2x⁴ + 3. Majibu ya nyuma ya daftari yanasema nimekosea, lakini nikiweka x = 1 ninapata 5 sawasawa. Kosa liko wapi? Kile kizidishi kinatoka wapi, na kwa nini wakati wa kukitafuta hatuandiki C, ile konstanti ya integrali? Je, njia hizi mbili ni tofauti kweli? Ninauliza kwa sababu muhula huu tuna hesabu za matangi, na ujazo wa tangi unabadilika.»

Nianze na jibu lako, ndugu yangu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu unachouliza. Umelikagua kwa kuweka x = 1, ukapata 5, ukaridhika. Ukaguzi huo unapima sharti la mwanzo tu, haupimi mlinganyo. Ili kupima mlinganyo ni lazima uichukue y yako, utafute derivativu yake, yaani y′, kasi ambayo y inabadilika nayo, kisha uvirudishe vyote viwili pale ulipoanzia. Derivativu ya 2x⁴ + 3 ni 8x³, na ukiizidisha kwa x unapata 8x⁴. Mara mbili ya y yako ni 4x⁴ + 6. Jumla yake ni 12x⁴ + 6, ilhali upande wa kulia unadai 12x⁴ peke yake. Kuna 6 ya ziada isiyo na mwenyewe, na ukiitazama vizuri utaona kwamba ni mara mbili ya ile 3 uliyoibandika mwishoni.

Nadhani ninajua jinsi ulivyofika hapo, kwa kuwa nimesahihisha karatasi nyingi zenye kosa hilo hilo. Ulianza vizuri: uligawanya kila kitu kwa x ili y′ ibaki peke yake, ukapata y′ + (2/x)y = 12x³. Wengi huiruka hatua hiyo, wakachukua 2 badala ya 2/x, na wakaondoka na kizidishi e^(2x) ambacho hapa hakifai kwa lolote, wewe hukuiruka. Kisha ulizidisha kwa x², ukapata x²y′ + 2xy = 12x⁵, ukatambua kwamba upande wa kushoto ni derivativu ya x²y, ukachukua integrali, ambayo ni kinyume cha derivativu, ya pande zote mbili na kuandika x²y = 2x⁶. Hapo ndipo penyewe. Uligawanya kwa x², ukapata y = 2x⁴, na ndipo ukakumbuka kwamba integrali haikosi C, ukaiongeza kwenye mstari wa mwisho kama mtu anayetia chumvi katika mboga zilizokwisha kupakuliwa. C huzaliwa pale pale integrali inapochukuliwa, si mistari miwili baadaye. Mstari wako ulipaswa kusomeka x²y = 2x⁶ + C, na unapogawanya kwa x², C nayo inagawanywa: y = 2x⁴ + C/x². Sharti lako linatoa C = 3, na jibu ni y = 2x⁴ + 3/x². Likague mwenyewe: derivativu yake ni 8x³ − 6/x³, ukizidisha kwa x unapata 8x⁴ − 6/x², mara mbili ya y ni 4x⁴ + 6/x², na ukijumlisha, vile vipande vya 6/x² vinafutana na kukuachia 12x⁴.

Usidhani kwamba tofauti ya majibu hayo mawili ni ya kialama tu, inayowahusu wasahihishaji peke yao. Yanakutana x ikiwa 1, na pia x ikiwa −1, kisha yanaachana. Kwa x = 2 jibu lako linatoa 35, na jibu sahihi linatoa 32.75, jambo ambalo mtu angeweza kulisamehe. Lakini kwa x = 0.1 jibu lako linatoa 3 na kidogo sana, ilhali jibu sahihi linatoa zaidi ya 300.

Sasa tuje kwenye asili ya kizidishi. Mlinganyo tunaoushughulikia una umbo hili: y′ + P(x)y = Q(x), ambapo P na Q ni funksheni za x tu, na y na y′ zinatokea kila moja kwa kipeo cha kwanza, bila kuzidishana na bila kufungiwa ndani ya saini (sin) au logarithimu. Huo ndio unaoitwa mlinganyo wa mstari wa daraja la kwanza. Tabu yake ni moja: upande wa kushoto una y na y′ pamoja, kwa hiyo hatuwezi kuchukua integrali yake moja kwa moja, maana integrali ya P(x)y inadai tuijue y, na y ndiyo tunayoitafuta.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo y na y′ hukaa pamoja kwa kawaida, nako ni katika kanuni ya derivativu ya zao. Ukiwa na funksheni mbili zilizozidishana, tuseme μ na y, derivativu ya zao lao ni μy′ + μ′y. Ulinganishe mstari huo na upande wetu wa kushoto baada ya kuuzidisha wote kwa μ, yaani μy′ + μPy. Kipande cha kwanza tayari kinafanana. Kipande cha pili kitafanana endapo tu μ′ = μP. Basi hatuotei kitu, wala hatuletewi fomula kutoka mbinguni. Tunauliza swali moja, kwamba ni funksheni gani ambayo derivativu yake ni yenyewe mara P. Ukigawanya kwa μ, unapata μ′/μ = P, na kwa kuwa μ′/μ ni derivativu ya logarithimu asilia ya μ, basi logarithimu hiyo ni integrali ya P, na μ ni e kwa kipeo cha integrali ya P. Walimu wenu kwa Kifaransa hukiita facteur intégrant. Mimi napenda kukiita kizidishi cha kuunganisha, kwa sababu kazi yake ni kuviunganisha vipande viwili vya upande wa kushoto viwe derivativu ya kitu kimoja, μy. Baada ya hapo mlinganyo wote unasomeka (μy)′ = μQ, na kilichobaki ni integrali ya kawaida.

Mwanafunzi anayekumbuka mstari huo wa mwisho hana haja ya kukariri fomula ndefu ya y iliyojaa integrali mbili, moja ndani ya nyingine. Mimi siikariri, na ninapoihitaji ninaitoa upya kwa dakika moja.

Katika mlinganyo wako P ni 2/x, integrali yake ni mara mbili ya logarithimu ya x, na e kwa kipeo hicho ni x². Kwa nini hatukuandika C hapo? Jaribu kuiandika uone. Integrali ya P ikiwa na K pembeni, kizidishi kinakuwa e^K · x², na e^K ni namba tu, tuiite A. Ukizidisha mlinganyo wote kwa Ax² badala ya x², unapata (Ax²y)′ = 12Ax⁵, kisha Ax²y = 2Ax⁶ + C, na ukigawanya kwa Ax² unapata y = 2x⁴ + (C/A)/x². Kwa kuwa C ni namba yoyote, C/A nayo ni namba yoyote, na jibu ni lile lile. A imeingia upande wa kushoto na upande wa kulia kwa uzito ule ule, kama jiwe moja moja lililowekwa kwenye sahani zote mbili za mizani, na mizani haikusogea. Tulihitaji kizidishi kimoja kinachofanya kazi, hatukuhitaji vyote. Ile C ya pili ina kazi tofauti kabisa: inabeba habari ya mahali jibu lilipoanzia, na ukiiacha umetupa majibu yote isipokuwa moja.

Kwa sababu hiyo hiyo mistari miwili ya wima inayowekwa ndani ya logarithimu ili kuondoa alama ya kutoa haitusumbui sana. Kama P ingekuwa 1/x, kizidishi kwa ukali wa sheria kingekuwa x pasipo alama yake, yaani x upande wa namba chanya na −x upande wa namba hasi. Lakini ndani ya upande mmoja alama haibadiliki, na −1 ni namba kama A, kwa hiyo tunaandika x tu na kuendelea. Jambo la kuangalia ni lile neno «upande mmoja». P yako haipo kabisa x ikiwa 0, na jibu lililoanzia x = 1 linaishi katika namba chanya tu; usilivushe sifuri. Mtu akikupa mlinganyo huo huo pamoja na sharti kwamba y ni 5 wakati x ni 0, usihangaike kutafuta C. Weka x = 0 katika mlinganyo wa asili: unabaki na 2y = 0, kwa hiyo y haiwezi kuwa 5 hapo. Hakuna jibu, na kuandika hivyo pamoja na sababu yake ndilo jibu.

Kuhusu njia mliyofundishwa darasani, ile inayoitwa variation de la constante na ambayo huhusishwa na jina la Joseph-Louis Lagrange, ninaelewa kwa nini umetatanika, maana kwa macho haifanani na daftari la kaka yako. Shule zetu zimefuata desturi ya Kifaransa, naye amesoma kwa vitabu vya desturi ya Kiingereza. Ninyi mnaanza kwa kuufanya upande wa kulia uwe sifuri na kutatua y′ + (2/x)y = 0, mnapata y = C/x². Kisha mnasema: tuiruhusu C ibadilike pamoja na x, tuiandike C(x), turudishe y = C(x)/x² katika mlinganyo kamili. Ukitafuta derivativu unapata C′(x)/x² − 2C(x)/x³, na ukiongeza (2/x) mara C(x)/x², vipande viwili vya C(x) vinafutana, kinabaki C′(x)/x² = 12x³, yaani C′(x) = 12x⁵. Simama hapo utazame. Mstari huo ni ule ule ulioupata kwa kuzidisha: (x²y)′ = 12x⁵. Kwa sababu ukisema y = C(x)/x², umesema kwamba C(x) ni x²y. Ile konstanti mnayoilazimisha ibadilike ndiyo zao la kizidishi na y, bila kuongeza wala kupunguza kitu. Integrali mnayoifanya ni moja, na makosa mnayoweza kuyafanya katika integrali hiyo ni yale yale.

Mimi, katika daraja la kwanza, ninapendelea kuzidisha, kwa sababu hatua ni chache na mwanafunzi anaona waziwazi kwa nini kila moja inafanyika; kuiambia konstanti ibadilike kunawafanya wengi wahisi wamedanganywa. Lakini usiitupe njia ya Lagrange. Mtakapofika kwenye milinganyo ya daraja la pili, yenye y″, kizidishi cha namna hii hakitakufikisha mbali, na njia ya kubadilisha konstanti itaendelea kufanya kazi, ikiwa sasa na konstanti mbili. Na katika mtihani tumia ile ambayo mwalimu wako anaitarajia, kwa sababu anatafuta hatua alizozizoea.

Kabla ya tangi nikupe mfano mmoja ambamo upande wa kulia unabadilika pamoja na wakati, kwa sababu hapo ndipo kizidishi kinapoonyesha faida yake kuliko mbinu ya kutenganisha y upande huu na x upande ule. Chukua ndoo ya maji ya kuoga yaliyochemshwa hadi nyuzi 60 na kuachwa uani saa kumi na moja jioni mwezi wa Juni, ambapo hapa Lubumbashi usiku ni wa baridi kweli. Tuseme hewa wakati huo ina nyuzi 24 na inapoa kwa nyuzi 2 kila saa, na maji yanapoteza joto kwa kasi ambayo ni nusu ya tofauti kati yake na hewa, kwa saa. Namba hizo nimezichagua ziwe rahisi. Tukihesabu t kwa saa tangu kuanza, T′ = −½(T − (24 − 2t)), au kwa umbo letu, T′ + ½T = 12 − t. Kizidishi ni e^(t/2), na integrali ya e^(t/2)(12 − t) ni e^(t/2)(28 − 2t), ambayo unaweza kuipata kwa integrali ya sehemu au kwa kukisia umbo lake na kukagua. Tunapata T = 28 − 2t + Ce^(−t/2), na nyuzi 60 za mwanzo zinatoa C = 32.

Sasa lisome jibu hilo taratibu. Kipande chenye C kinafifia: baada ya saa 4 kimebaki nyuzi 4 na kitu, maji yakiwa karibu na nyuzi 24 na hewa ikiwa 16. Kinachobaki baada ya muda mrefu ni 28 − 2t, na hewa ni 24 − 2t. Maji hayataifikia hewa kamwe maadamu hewa inaendelea kupoa kwa mwendo huo. Yatabaki nyuzi 4 juu yake, yaani yatakuwa na joto ambalo hewa ilikuwa nalo saa 2 kabla. Na saa 2 ni kinyume cha ile nusu iliyo katika mlinganyo. Jambo hilo halikuandikwa popote tulipoanza. Limejitokeza kutoka katika integrali.

Tuje kwenye matangi, ambayo kwa mtu wa madini wa mji huu, unaouona mlima wake wa masalio meusi ya kuyeyushia shaba kutoka kona nyingi, si mchezo wa darasani. Tuchukue tangi linalobeba lita 600, ambalo mwanzoni lina lita 400 za maji safi. Linaingizwa maji yenye mrututu, ile salfeti ya shaba ya rangi ya buluu, gramu 50 katika kila lita, kwa mwendo wa lita 6 kwa dakika, na chini yanatoka lita 4 kwa dakika. Mashine inakoroga bila kupumzika, kwa hiyo tunachukulia kwamba lita yoyote ndani ya tangi inafanana na nyingine. Sharti hilo la kukorogwa usilichukulie kama mapambo. Niliwahi kuulizwa mjini Bukavu kama hesabu hii inaweza kutumika kwa Ziwa Kivu na mto Ruzizi unaotoka humo, na jibu langu lilikuwa hapana: ziwa hilo lina kina cha zaidi ya mita 450, na maji yake ya chini, yaliyobeba gesi nyingi, hayachanganyiki na ya juu, kwa hiyo kinachotokea mdomoni mwa mto hakikuambii kilichomo vilindini.

Ita m gramu za mrututu zilizomo ndani ya tangi baada ya dakika t. Kila dakika zinaingia 50 × 6, yaani gramu 300. Zinazotoka ni lita 4 mara gramu zilizo katika kila lita wakati huo, na hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu ujazo si 400 tena: unaongezeka kwa lita 2 kila dakika, na kwa hiyo ni 400 + 2t. Zinazotoka ni 4m/(400 + 2t), au kwa kufupisha, 2m/(200 + t). Mlinganyo ni m′ + 2m/(200 + t) = 300. Integrali ya 2/(200 + t) ni mara mbili ya logarithimu ya 200 + t, na kizidishi ni (200 + t)². Kwa hiyo derivativu ya (200 + t)²m ni 300(200 + t)², na integrali inatoa (200 + t)²m = 100(200 + t)³ + C. Ona C imeandikwa wapi. Mwanzoni m ni 0 na t ni 0, kwa hiyo C ni −100 × 200³, yaani −800,000,000, na

m = 100(200 + t) − 800,000,000/(200 + t)².

Kipande cha kwanza, 100(200 + t), ni sawa na 50(400 + 2t): ndizo gramu ambazo tangi lingekuwa nazo kama tangu mwanzo lingejaa maji yenye gramu 50 kwa lita. Kipande cha pili ni pengo lililosababishwa na lita 400 za maji safi tulizoanza nazo. Wakati t ni 0 pengo ni gramu 20,000, sawa kabisa na kipande cha kwanza, na ndiyo maana tangi halina mrututu hata gramu moja. Kadiri dakika zinavyopita pengo linapungua. Laiti ungeongeza C mwishoni kama ulivyofanya katika mlinganyo wako wa kwanza, ungepata m = 100(200 + t) − 20,000, yaani 100t, na tangi lako lingepokea gramu 300 kila dakika na kupoteza gramu 200 kila dakika tangu sekunde ya kwanza, wakati kinachotoka bado ni maji matupu.

Baada ya dakika 100 tangi linajaa lita 600. Fomula inatoa 30,000 − 800,000,000/90,000, yaani gramu 21,111 hivi, na ukigawanya kwa 600 unapata gramu 35.2 kwa lita, namba iliyo chini ya 50 kama inavyopaswa. Aliyesahau kwamba ujazo unabadilika na kuuacha 400 angepata kizidishi e^(t/100) na jibu 30,000(1 − e^(−t/100)), ambalo kwa dakika 100 ni gramu 18,964 hivi. Hesabu yake ni safi mstari kwa mstari, na amekosea kwa zaidi ya kilo 2 za mrututu.

Kuna mambo mawili ambayo njia hii haiyawezi, au inayawezea nusu. La kwanza ni pale integrali ya mwisho inapokataa. Mlinganyo y′ − 2xy = 1 una kizidishi e^(−x²), na unafika vizuri kwenye (e^(−x²)y)′ = e^(−x²), lakini integrali hiyo haina fomula kwa funksheni za kawaida; Joseph Liouville alithibitisha mambo ya namna hiyo katika miaka ya 1830. Hapo iandike integrali kutoka 0 hadi x na uiache hivyo. Jibu limekamilika, na kompyuta itakupa namba. La pili ni pale mlinganyo usipokuwa wa mstari. Kabla ya kukata tamaa, jaribu kubadilishana kazi za x na y: y′ = 1/(x + y²) si wa mstari kwa y, lakini ukiugeuza unakuwa dx/dy − x = y², ambao ni wa mstari kwa x, kizidishi chake ni e^(−y), na jibu ni x = −y² − 2y − 2 + Ce^y. Na ukikutana na y′ + Py = Qyⁿ, mlinganyo ambao Jakob Bernoulli aliuleta mwaka 1695 na Leibniz akautatua mwaka uliofuata, weka u = y^(1−n) nao utakuwa wa mstari kwa u.

Nimalizie tangi lenu, kwa sababu dakika ya 100 si mwisho wa hesabu. Tangi likijaa na maji yakaanza kumwagika ukingoni, yanayotoka kwa jumla sasa ni lita 6 kwa dakika, na ujazo unabaki 600. Mlinganyo wa zamani hauna kazi tena; mpya ni m′ + m/100 = 300, kizidishi ni e^(t/100), na C mpya inatafutwa kwa sharti jipya, kwamba wakati t ni 100, m ni 21,111, wala si kwa ile sifuri ya mwanzo. Unapata m = 30,000 − 8,889e^(−(t − 100)/100). Dakika 100 nyingine zikipita, pengo limeshuka hadi gramu 3,270 hivi, tangi lina gramu 26,730, na kila lita inayotoka ina gramu 44.55.